Misumari ya Kisigino cha Kushoto

Wiki nzima mmenitumia ujumbe mkiniambia nisiliguse lile begi. "Dada, liache lipite." "Dada, usimfanyie mume wako kesi kwenye kazi ya watu." Asanteni sana, ila mmechelewa. Mlikuwa mnamwonya mtu aliyekwisha kuungua.

Kwa aliyelikuta gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nimweleze kwa ufupi asipotee. Mimi ni mkaguzi wa mizigo uwanja wa ndege. Si wale mnaowaona pale mbele wakiwavulisha mikanda na saa. Mimi nakaa chumba cha nyuma, kule yanakopelekwa mabegi yenu makubwa mkishayakabidhi, nanyi mnaenda zenu mkiamini yako salama.

Kazi yangu ni kukodolea macho kioo cha mashine. Begi likinitia wasiwasi nabonyeza kitufe, mkanda unasimama, mwenzangu analifungua. Tunaitana hivyo: jicho na mkono. Na sheria ya chumba kile hata mfagiaji anaijua: begi la abiria halifunguliwi na mtu mmoja. Jicho na mkono wasimame pamoja.

Mume wangu ni fundi viatu. Tulipokuwa wachumba alinitengenezea viatu vyeusi, akaniambia ndani ya kisigino cha kushoto amepiga misumari mitano kwa duara na mmoja katikati, kama ua, mahali ambapo hakuna atakayeona. "Hapo ndipo nilipo mimi," alisema. "Kila ukitembea unanikanyaga, na mimi nafurahi." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivua kiatu nikakipitisha kwenye mashine. Nikaliona ua langu kwenye kioo. Siku ile hakuna mwanamke niliyemwonea gere.

Na wiki iliyopita niliwaacha hapa: kidole changu kiko juu ya kitufe, mkanda umesimama, na ndani ya begi la kahawia la mwanamke nisiyemjua, kwenye kisigino cha kushoto, naliona ua langu.

Haya. Sogeeni.

Mwenzangu wa zamu ile tunamwita Glovu, kwa sababu hazivui. Hata chai anakunywa nazo. Ni mtu mzima, baba wa watoto, na kwa kukunja nguo hana mpinzani. Abiria wanafika kwao, wanafungua mabegi, wanakuta nguo zimekunjwa vizuri kuliko walivyozikunja wenyewe.

Glovu alikuwa ametoka kwenda kunywa maji. Sheria ilinitaka nimsubiri.

Nimsubiri? Mimi? Na damu ilivyokuwa inanichemka?

Nililishusha begi peke yangu, nikalifungua zipu.

Jamani, msimpe mwanamke mwenye wivu begi la mwenzake. Mwenye begi nilikuwa sijamtia machoni, lakini kila nilichokishika kilinipa habari zake. Gauni la kijani, laini linateleza. Nikasema, ana umbo huyu. Chupa ya manukato, nikainusa. Nikasema, huyu hajipulizii kwa ajili ya kwenda sokoni. Nikamtengenezea na sura kabisa: mwembamba, rangi nzuri, kicheko cha puani, mkono unaomgusa mtu begani akiongea. Nilipofika chini ya begi nilikuwa namjua kuliko ninavyowajua majirani zangu, na nilikuwa namchukia.

Viatu vilikuwa chini kabisa, vimezungushiwa kitambaa cheupe chenye mstari wa buluu.

Kitambaa cha dukani kwa mume wangu. Kile anachofungia kazi za watu anaowaheshimu. Na anayefua vile vitambaa ni nani? Ni mimi! Nimekifua kile kitambaa kwa mikono yangu, nikakianika, nikakikunja, ili akamfungie mwanamke mwingine viatu!

Soli ilikuwa mpya, gundi bado inanukia. Nikiri na jambo jingine, maana nimeshaamua kuwaambia yote. Kisigino cha kiatu cha kushoto kilikuwa kirefu kuliko cha kulia. Nilikiona. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Mimi nilisema, huyo kakosea vipimo kwa mahaba.

Sasa, kisigino cha mume wangu hakivutwi. Ukivuta, utavuta mpaka kesho. Unakishika kwa kiganja, unakisukuma ndani kidogo, halafu unakizungusha kuelekea upande wa kidole gumba. Alinifundisha mwenyewe dukani kwake, mkono wake juu ya mkono wangu, mvua inanyesha nje na hakuna mteja. Ilikuwa siku nzuri sana.

Nikakishika. Nikasukuma. Nikazungusha.

Kikalia, ka! Kwa hasira nilizidisha nguvu, misumari ikapinda yote upande mmoja, ngozi ikachanika pembeni, kisigino kikabaki mkononi mwangu. Mitano kwa duara na mmoja katikati. Sijui nilitegemea kuona nini kingine, kwa sababu kwenye kioo nilishaiona.

Hapo nikasikia viatu vya Glovu koridoni.

Nilikibandika kisigino kwa nguvu ya kiganja, nikaushindilia mzigo wote ndani, gauni juu ya manukato, manukato juu ya sijui nini, nikavuta zipu. Ikabaki kupiga utepe. Kila mkaguzi ana utepe wake wenye namba yake, na begi lililofunguliwa linapigwa utepe wa aliyelifungua, ili kitu kikiharibika ajulikane nani wa kuulizwa. Mezani palikuwa na tepe mbili. Wangu ulikuwa karibu na mkono wa kulia. Wa Glovu ulikuwa kule kushoto.

Ningependa kuwaambia nilipitiwa. Sikupitiwa. Nilinyoosha mkono mpaka kushoto.

"Dada, kuna lolote?" Glovu akauliza akiingia.

"Hakuna."

"Mbona umesimama? Mwenzetu kiti umekitosa?"

"Nyonga inauma."

"Nyonga, na umri huo!" Akacheka, akavuta glovu zake vizuri, akasimama mahali pake. Mkanda ukaanza kwenda. Begi la kahawia likapita mbele yake, upande wenye utepe umelalia chini, akalitazama hana hili wala lile.

Mimi nikakaa, na msinishangae, niliimba kidogo. Nilijua begi litapanda ndege, litafika huko liendako, na siku moja mrembo yule atakuwa anapita mbele ya watu wa maana, kisigino kimwachie, aanguke na gauni lake la kijani. Niliiona picha yote. Ilinipendeza mno.

Ndege haikuruka.

Eti kuna taa iliwaka mbele ya rubani ambayo haikutakiwa kuwaka. Abiria wakashushwa, wakarudishiwa mabegi yao wasubiri ndege nyingine. Chai yangu haijapoa, naambiwa naitwa na Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ndiye mkuu wa zamu yetu. Ofisi yake ina meza, birika la umeme, viti vya plastiki, na mlango usiokubali kukaa wazi mpaka uuwekee kipande cha chuma. Glovu alikuwa amesimama ukutani. Mezani lilikuwepo begi la kahawia, limefunguliwa. Pembeni yake kiatu. Pembeni ya kiatu, kitambulisho cha Glovu. Alikuwa ameshakivua shingoni.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnaikumbuka redio ya yule mzee, iliyotoka chumbani kwetu imevunjika na lawama zote zikamwangukia Glovu. Mama Mkubwa alimwambia mbele yetu sote: likitokea la pili, unarudisha sare. Na Glovu anaishi nyumba ya kazi. Akirudisha sare, anarudisha na funguo, watoto wanatoka na magodoro yao.

Kwenye kiti alikaa mwanamke.

Nilimtafuta mwembamba wangu wa kicheko cha puani, sikumwona. Huyu alikuwa mtu mzima, amenizidi mbali, mwili wa wastani, macho yamechoka na safari, kandambili miguuni. Alipoinuka kunisalimia, aliyumba akashika meza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi.

Kile kisigino kirefu kikaniingia akilini hapo hapo. Nikataka sakafu ipasuke niingie.

"Wewe ndiye ulikuwa jicho?" Mama Mkubwa akaniuliza.

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Begi la huyu mama limetoka kwenu na kisigino kimeng'oka. Utepe ni wa Glovu. Glovu anasema hajaligusa."

"Mama Mkubwa, tazama huo mkunjo," Glovu akasema. "Tazama hilo gauni lilivyoshindiliwa. Huo ni mkunjo wangu? Unanijua miaka yote hii. Dada, waambie basi. Ulikuwa hapo. Nimelifungua mimi hili begi?"

Wote wakanigeukia.

Neno lilikuwa fupi tu: hapana. Lakini nikisema hapana, swali linalofuata ni kama si yeye, ni nani?

"Sikumbuki," nikasema. "Mabegi ni mengi."

Glovu alinitazama kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Mama Mkubwa akajaribu kuisafisha ofisi yake. "Tusikimbilie kulaumu. Viatu hivi ni vya siku nyingi, mama. Labda kisigino kimeachia chenyewe tu."

"Vimewekwa soli wiki hii hii," mwanamke akasema. Hakupaza sauti. "Tena mimi sitaki mtu aonewe. Mwiteni aliyevitengeneza. Yeye atawaambia kimeachia au kimefunguliwa."

Nikadakia haraka haraka: "Ah, mama, mafundi viatu wa siku hizi! Wababaishaji watupu. Atakuja hapa atetee kazi yake tu." Mume wangu anisamehe.

"Huyu si mbabaishaji," mwanamke akasema.

"Na utampata wapi saa hizi?" Mama Mkubwa akauliza.

"Nampata. Alikuwa mume wangu."

Nisikilizeni vizuri. Mume wangu aliniambia mimi ni wa kwanza. Hakusema "karibu wa kwanza". Alisema wa kwanza na wa mwisho, akaapa, na mimi nikapika. Sasa nimesimama ofisini kwa watu, mwanamke mwenye kandambili ananiambia alikuwa mume wake, kama anataja alikowahi kupanga chumba. Nikashika ukingo wa meza nijikaze.

Akatoa simu. Hakutafuta jina. Vidole vyenyewe vilijua njia.

Iliita mara moja tu! Mimi nikimpigia, simu inaita mpaka inachoka, halafu ananiambia mashine ya kushonea inapiga kelele.

"Ni mimi," mwanamke akasema. "Niko bado uwanja wa ndege. Kiatu kimepata tabu, njoo ukitazame."

"Nakuja," sauti ya mume wangu ikasikika. Nakuja! Mimi nikimwambia chakula kinapoa, jibu ni namalizia hiki kidogo.

Tukamsubiri. Mama Mkubwa akachemsha maji, akampa mgeni chai. Mimi sikupewa, na Glovu alikataa. Mgeni akawa anatueleza bila kuulizwa, kama watu wanavyoongea wakiwa wanasubiri. Kwamba waliachana zamani, bila ugomvi, watoto hawakujaliwa. Kwamba mafundi wote wa huko anakoishi wameshindwa na mguu wake, wanamtengenezea viatu vinavyomuumiza mgongo, na ndiyo sababu kila soli ikiisha inabidi apande ndege aje.

Kila ikiisha! Maana yake si mara ya kwanza. Nikawa napiga hesabu ya soli kichwani.

"Na hii misumari, mbona imepangwa kama ua?" Mama Mkubwa akauliza, akikigeuza kisigino.

Mwanamke akacheka. Hakikuwa kicheko cha puani. Kilikuwa kicheko kizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

"Hiyo nilimbunia mimi, enzi hizo. Nilimwambia piga hivi, nijue kwamba hapo ndipo ulipo. Kila nikitembea nakukanyaga. Akaniambia, na mimi nafurahi."

Neno kwa neno.

Sikuwahi kulia siku nyingine yoyote niliyowasimulia humu, hata siku ya msiba wa baba yangu nilijikaza. Pale nilitokwa machozi, nikajifanya ni mvuke wa birika. Lile ua halikuwa langu. Yale maneno niliyoyabeba moyoni tangu uchumba, niliyokuwa nikiyakanyaga kila siku kwenda kazini na kurudi, yalikuwa mitumba.

Mume wangu akaingia anahema, mikono mitupu.

"Wamenizuilia vifaa vyangu pale mlangoni," akasema. "Nyundo, misumari, gundi, vyote. Wanasema havipiti." Kisha akamwona mgeni wake. "Umeumia?"

"Sijaumia. Kiatu tu."

Ndipo akaniona mimi, na uso ukamshuka. "Mke wangu. Na wewe umo?"

"Hapa ni kazini kwangu," nikamjibu. "Nisiwemo kwa nini?"

Mama Mkubwa akaweka kikombe chini. Glovu akainua kichwa. Mgeni akanitazama uso, kisha taratibu akateremsha macho mpaka kwenye viatu vyangu vyeusi. Akavitazama vya kutosha.

"Fundi," Mama Mkubwa akasema, "mambo ya nyumbani mtayamaliza nyumbani. Hapa kuna kazi ya mtu. Kisigino hiki kimeachia chenyewe, au kimefunguliwa?"

Mume wangu alikichukua, akakipeleka dirishani. Akatazama misumari ilivyolala. Akapitisha kidole kwenye ngozi iliyochanika. Nilimwona anavyoelewa. Mabega yalimlegea, na hakugeuka haraka.

"Kimefunguliwa."

"Kwa chuma?"

"Kwa mkono. Aliyefungua amekisukuma kwanza, halafu akakizungusha. Misumari imelalia upande mmoja. Mtu asiyejua angekivuta tu."

"Huyu anajua?" Mama Mkubwa akamwonyesha Glovu.

"Huyu ndiyo kwanza namwona leo."

"Sasa nani anajua?"

Mume wangu akakirudisha kisigino mezani. "Maisha yangu yote nimefundisha watu wawili tu."

Hakututaja, wala haikuhitajika. Mkanda wa mizigo ulisikika ukisaga kule nyuma. Mama Mkubwa si mjinga. Alianza kugeuza shingo, kutoka kwa mgeni kuja kwangu.

Lakini mgeni akamwahi.

"Mama Mkubwa, nisameheni," akasema. "Nimekumbuka. Nilikifungua mwenyewe jana hotelini. Soli ilinibana, nikataka kuitazama. Halafu nikasahau. Uzee huu! Huyu kaka hana kosa lolote, mrudishieni kitambulisho chake. Na huyu mdogo wangu pia hana kosa."

Alisema akinitazama mimi. Macho yake yalikuwa na huruma tupu.

Mama Mkubwa akapumua kwa furaha. Ofisi imepona. "Umesahau? Basi hayo ni ya kibinadamu, mama, tunashukuru kwa kusema." Akakisukuma kitambulisho kuelekea kwa Glovu. Glovu akanyoosha mkono.

Mambo yamekwisha. Glovu anabaki na nyumba, mimi nabaki na kazi, kiatu kinashonwa, ndege inaruka. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo wangu.

Angenitukana, ningeufunga. Angenizaba kibao mbele ya mume wangu, ningeufunga vilevile. Lakini anihurumie? Yeye? Mume nimempokea kutoka kwake. Ua nimelipokea kutoka kwake, na maneno yake nimeyapokea kutoka kwake. Sasa na kazi yangu anipe yeye, nikaishi nayo, kila mwisho wa mwezi nijue ni zawadi ya yule mwanamke? Thubutu!

"Anadanganya," nikasema.

Mume wangu akafumba macho.

"Kisigino nimekifungua mimi. Glovu alikuwa ametoka. Nimelifungua begi peke yangu, nimekiharibu kiatu, na utepe wa Glovu nimeuchukua kwa makusudi. Nilipoulizwa nikasema sikumbuki. Nilikuwa nakumbuka kila kitu."

Glovu alikitia kitambulisho shingoni. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya. Alivua glovu ya mkono wa kulia, akanipa mkono. Nilidhani ananishukuru.

"Nina watoto, dada," akasema. "Ulijua." Akauachia mkono wangu, akatoka.

Najua mtanisifu. Mtaandika, "Dada kasema ukweli, hongera dada." Msijisumbue. Aliyesema pale ni wivu, na kama yule mwanamke asingenihurumia, mpaka leo Glovu angekuwa anahamisha magodoro.

"Kitambulisho," Mama Mkubwa akasema.

Nilikivua, nikakiweka pale pale kilipokuwa cha Glovu.

"Uongozi utakuita. Abiria huyu ana haki ya kuandikiwa, kuombwa radhi na kulipwa, na wewe utakuja kujibu kwa mdomo wako. Ila kwanza niambie mimi. Mfanyakazi kama wewe, kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Mume wangu alikuwa ananisubiri nijibu. Mwenzake wa zamani alikuwa ananisubiri nijibu. Hapo hapo kipaza sauti cha koridoni kikalia: abiria wa ile ndege iliyoahirishwa waelekee mlangoni, ndege nyingine imewadia.

Mgeni akasimama. Kwa kandambili alipiga hatua, akayumba, akashika ukuta. Kutoka pale mpaka mlango wa kupandia ndege ni mwendo, nyinyi mnaosafiri mnaujua.

"Kaa," mume wangu akamwambia. Akapiga goti, akakiweka kiatu pajani. Akajaribu kuinyoosha ile misumari iliyopinda. Wa kwanza ukakatika. Wa pili nao ukakatika.

"Naomba nirudishiwe vifaa vyangu," akamwambia Mama Mkubwa.

"Mpaka mkuu wa uwanja aruhusu. Na saa hizi hatumpati."

Akakiangalia kile chuma cha kuzuia mlango. Kinafaa kugongea. Akaangalia meza, akaangalia viti, anatafuta misumari kwenye chumba kisicho na misumari. Halafu macho yake yakashuka, yakapita chini ya meza, yakatulia miguuni pangu.

Nikarudisha mguu nyuma.

"Mke wangu," akasema, "vua cha kushoto."

"Nini?"

"Wewe kisigino chako kinaweza kushikilia bila misumari mpaka nyumbani, ukitembea polepole. Chake hakiwezi, uzito wote uko pale. Nahitaji ile sita. Vua, tafadhali."

"Ile sita?" nikauliza. "Unajua ile sita ni nini?"

"Najua."

"Uliniambia uko pale."

Kipaza sauti kikalia tena, safari hii wanamtaja yeye tu, abiria wa mwisho.

"Mpe, mdogo wangu," mgeni akasema kwa upole, amekaa na mguu wake mfupi mbele. "Au kama hutaki, usimpe. Nitakwenda hivi hivi."

Nikainama, nikakivua. Kilikuwa na joto la mguu wangu bado. Mume wangu akanyoosha mkono kukipokea.

Sikumpa. Nikakigeuza mwenyewe, nikakishika kisigino kwa kiganja, nikakisukuma ndani kama alivyonifundisha siku ile ya mvua.

Ilibaki kuzungusha.